Msumari wa Kitindamimba

Tarehe 9 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Ya Bibi mfikishie wewe, na umshike mkono wakati unamwambia, maana husema salamu ya mdomo mtupu haimfiki. Waambie majirani sijaliwa na mtu. Nina chumba, nina kazi, na nina mwenye nyumba mwenye masharti mengi kuliko vyombo vyake. Kuimba hakuruhusiwi, kupika samaki hakuruhusiwi, lakini paka wake analala popote atakapo, hata kitandani kwangu. Chumba chenyewe ni chembamba kiasi kwamba nikitaka kuvaa koti lazima nifungue mlango. Chini ya dirisha kuna fundi wa saa anayepiga mluzi asubuhi nzima, basi upweke haujanizidi.

Dukani wamenipa meza ya mwisho, karibu na stoo. Kazi yangu ni fremu: kukaza skrubu, kunyoosha mikono ya miwani iliyokaliwa, kubadilisha vioo vilivyopasuka. Juzi alikuja mzee amekasirika, anasema miwani tuliyomtengenezea ni ya wizi, haoni kitu. Kumbe amevaa ya mkewe.

Najua Bibi hapo alipo anasema, mtoto huyu anapiga chenga, aseme alichotumwa. Haya, nasema. Jumamosi duka hufungwa mchana. Nilivuka barabara kubwa nikaingia mtaa wa kale kwa lango la mawe, lile lile Baba alilolitaja kwenye barua zake. Ndani vichochoro ni vyembamba, ghorofa za juu zimeinamiana kama wanawake wanaosengenya. Ngazi za mawe zimelika katikati kwa miguu ya watu. Nikashuka kufuata harufu ya maji mpaka nikaliona daraja, na ubavuni mwa daraja mkahawa wa mbao, nusu yake umekaa nchi kavu na nusu umesimama kwenye nguzo juu ya mto.

Mambo ni kama alivyoandika kwenye barua yake ya mwisho. Mteja akizoeleka hupewa msumari ukutani, analeta kikombe chake kinatundikwa. Akihama kinabaki. Akifa, watu wake ndio wanaokuja kukishusha, mwenye mkahawa hathubutu kukitoa mwenyewe. Ukuta mzima ni vikombe. Vingine vimeota vumbi kama unga.

Shangazi, cha kwetu kipo. Msumari wa tatu kutoka dirishani. Kijani, mstari mweupe mdomoni, ndugu wa vile vitano vilivyo kabatini ambavyo Bibi hataki vitumiwe. Nilikitambua kabla sijakaa. Nikaagiza chai nisiyoitaka.

Wenu,
Mdadisi


Tarehe 28 Machi

Mwanangu Mdadisi,

Marahaba, na Bibi anasema marahaba mara tatu, moja ya leo na mbili za akiba. Huku tuko hai. Mimi naendelea kuzalisha watoto wa watu. Wiki iliyopita nilipata mapacha, baba yao akaanguka chini kabla ya mama kumaliza, ikabidi nimhudumie yeye kwanza. Uchovu upo, lakini mkunga akilala ni nani atakayefungua mlango?

Barua yako nimeisoma kwa sauti, nikasimama mahali pa kikombe, nikarudia, kisha nikarudia tena kwa amri. Bibi yako alitoka kitini mwenyewe akafungua kabati, akavitoa vile vitano, akavifuta kimoja kimoja, akavirudisha. Halafu akasema, "Maadamu kikombe kipo, mwanangu yupo." Akala chakula chote jioni ile.

Wewe ulikuwa na miaka minne, hukumbuki vizuri. Mama yako alipofariki, baba yako Kitinda alikaa kama mtu aliyesahau amekuja kufanya nini duniani. Kisha akasema kuna kazi ya uashi mjini, wanatengeneza daraja la kale, atarudi daraja likiisha. Akachukua kikombe kimoja, akakubusu ukiwa umelala. Miaka miwili aliandika. Daraja likaisha na barua zikaisha. Za kwetu zilirudi zikiwa hazijafunguliwa. Ni kitindamimba, Mdadisi. Mtoto wa mwisho mama hamtoi mikononi hata akiota mvi.

Sasa sikiliza amri ya Bibi, nami naitia sahihi. Usimwulize mtu. Nenda kila Jumamosi, kitazame kikombe, utuandikie kipo. Basi. Ukiuliza utajibiwa, na jibu likishatoka halirudi mdomoni. Najua wewe ndiye uliyeuliza kwa nini kuku hana meno mpaka mwalimu akakutoa darasani, na jina hilo hukupewa bure. Safari hii funga mdomo. Mwanamke wa miaka themanini anaishi kwa kikombe hicho.

Vaa soksi. Nimesikia huko kuna baridi.

Shangazi yako


Tarehe 20 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo kwako na kwa Bibi. Soksi nimevaa, jozi mbili kwa pamoja, hata viatu vinanung'unika. Yule paka amezaa ndani ya sanduku langu la nguo na mwenye nyumba anasema nisiwasumbue watoto. Dukani wameanza kuniamini, wameniachia funguo za kabati la vioo.

Kikombe kipo. Jumamosi zote nimekwenda, na kila mara kipo.

Mtaa wa kale sasa naujua. Kuna kiongozi wa wageni anayetembea na mwavuli mwekundu, watu wanamfuata kama vifaranga. Kuna nyumba moja yenye mlango mfupi. Wiki ya kwanza alisema alikaa humo jaji, wiki ya pili mchawi, na Jumamosi iliyopita akasema ilikuwa jela. Nilicheka peke yangu, akanikonyeza. Napita hapo, nashuka ngazi zilizolika, nasimama darajani kidogo. Mawe mapya yaliyotiwa na akina Baba ni meupe kuliko ya zamani. Huwa nayapapasa. Sijui lipi ni lake, basi napapasa yote ninayoyafikia.

Ndani nimechagua meza ya dirishani kwenye nguzo. Ukikaa hapo unaona daraja lote, na ukigeuza shingo unaona msumari. Mwenye mkahawa ni mwanamke mwembamba mwenye taulo begani. Hazungumzi. Habari za mteja hampi mteja mwingine, nimesikia akimwambia mtu, "Vikombe havisemi, na mimi nimejifunza kwao." Anakuletea chai, anaondoka.

Kitu kimoja Bibi atakipenda. Vikombe vya jirani yake vina vumbi, chake ni kisafi. Jumamosi iliyopita kilikuwa bado kinang'aa. Nadhani yule mama anakiosha.

Shangazi, wewe nikuambie ukweli. Siogopi kwa ajili ya Bibi peke yake. Akiwa amekufa, basi nimefiwa, na nitalia kama wengine wanavyolia. Lakini akiwa hai, ina maana alijua niko wapi miaka yote hii na hakuja. Hilo nitalililia wapi? Ndiyo maana mdomo wangu umefunga bila shida. Nimekuwa mtiifu kupita tabia yangu.

Mdadisi


Tarehe 2 Juni

Mwanangu,

Usinune kwa kuchelewa kwangu. Kazi zilibanana, mvua ikaharibu barabara, posta wakalala. Huku ni salama. Bibi anakusalimu. Kitanda chake nimekihamishia sebuleni apate upepo. Ana kikohozi kidogo, si cha kuandikia.

Habari ya kikombe kuoshwa ilimfurahisha mno. Anasema, "Mungu ambariki mama yule, anamwoshea mwanangu." Kila anayeingia humu anahadithiwa. Mpaka muuza mkaa anajua kwamba mjini kuna mwanamke mwenye taulo begani.

Kuhusu yale mengine uliyoandika, nimeyasoma peke yangu na sikumsomea. Mimi nilikulea, nilikuogesha, nilikuchapa ulipoiba sukari, lakini pengo la mtu silijui kuliziba. Nakuomba tu uvumilie. Usiulize. Si sasa.

Dada wa jirani ameolewa. Mbuzi amekufa. Mwembe umekatwa kwa sababu ya nyaya za umeme.

Shangazi yako


Tarehe 30 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Umeandika kwamba kitanda cha Bibi kiko sebuleni apate upepo. Sebule ile tangu nizaliwe haijapata upepo. Nguo za mvua tulikuwa tukizianika humo zinavunda. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe ndiye uliyenifundisha msemo huo. Niambie hali yake. Mimi si mtoto tena, ninashika funguo za kabati la vioo.

Jumamosi iliyopita sikukiona kikombe, na sitaki mshtuke, nitaeleza. Mvua ilikuwa inanyesha tangu katikati ya wiki bila kupumzika, mto umepanda mpaka unagusa sakafu ya mkahawa. Mtaa mzima ulikimbilia ndani. Watu walitundika makoti kwenye misumari juu ya vikombe, ukuta wote ukawa makoti yanayochuruzika maji. Niliipata meza yangu kwa bahati. Nilikaa nimewapa watu mgongo, natazama maji yanavyopita chini ya daraja na matawi yaliyokatika. Sijui kwa nini siku ile nilijisikia vizuri. Kelele za watu nyuma yangu, vyombo, mtu mmoja anakohoa, mwingine anacheka. Nilikaa kuliko kawaida yangu.

Mvua ilipokatika nikainuka kwa haraka niwahi kabla haijarudi, bega langu likagonga koti moja likaanguka. Mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Acha tu, binti." Nikasema samahani nikatoka.

Jana nimerudi kuhakikisha. Kikombe kipo pale pale, kimelowa kidogo. Mwambie Bibi.

Niandikie ukweli, Shangazi.

Mdadisi


Tarehe 3 Septemba

Mwanangu Mdadisi,

Miezi miwili nimeshika kalamu na kuiweka. Uongo sikutaka kukuandikia, na ukweli ulikuwa hauandikiki. Bibi ni mgonjwa. Moyo umechoka, miguu imevimba, daktari amekuja mara kwa mara na sasa akija hafungui tena mkoba. Anakula vijiko viwili. Akili yake ni nzima kabisa, na ulimi wake pia. Jana amemwambia daktari kwamba ana mikono baridi kama ya mwizi.

Kikombe anakiulizia kila asubuhi. Nilikuwa namwambia kipo, naye analala. Lakini juzi nilipomwambia kipo, hakulala. Akasema, "Nimechoka kuogopa. Mtu akioga mtoni haogopi umande, na mimi maji yamenifika shingoni. Mwambie Mdadisi aulize."

Nikamwambia, Mama, una hakika? Akasema, "Akiwa amekufa nitamkuta. Akiwa hai, na aje. Aulize."

Basi umesikia. Uliza, mwanangu. Uliza kwa ule mdomo wako wa utotoni. Muulize mwenye mkahawa, muulize yule wa mwavuli, waulize mawe ikibidi. Na ukimpata, usimgombeze. Mwambie mama yake anamwita tu.

Fanya haraka.

Shangazi yako


Tarehe 5 Septemba

Shangazi,

Leo hata shikamoo inanikwama, nisamehe. Naandika nimekaa kwenye ngazi za mtaa wa kale kwa sababu chumbani siwezi kufika.

Msumari ni mtupu.

Nilikaa, nikageuza shingo kama kawaida, nikaona msumari na duara jeupe ukutani mahali kikombe kilipokuwa kinagusa. Nikadhani kinaoshwa. Nikasubiri. Chai yangu ikapoa. Mwenye mkahawa akapita na sinia nikamshika nguo. Nilikiuka amri, Shangazi, mwambie Bibi asinikasirikie. Nilimwuliza, "Kile cha kijani kiko wapi?"

Akasema, "Kimeshushwa Jumanne."

"Na nani?"

"Na mwenye haki ya kukishusha. Mkewe."

Sikuelewa. Nikamwuliza aliyekuwa na kikombe kile alikunywa hapa mara ya mwisho lini. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jana ilikuwa lini. "Alikuwa mtu wa asubuhi," akasema. "Kila siku ya kazi, mkahawa ukiwa mtupu. Mpaka kifua kilipomlaza." Akasema kama nataka kutoa pole, mjane anakaa kichochoro cha nyuma ya lango, juu ya duka la vitambaa, ngazi iko nje.

Niliweka hela ya chai mezani nikakimbia.

Kilikuwa kisafi kwa sababu alikuwa anakinywea, Shangazi. Hakuna aliyekuwa anamwoshea. Asubuhi anakunywa yeye, Jumamosi mchana nakuja mimi kukitazama.

Usimwambie Bibi bado. Au mwambie. Sijui. Wewe ni mkunga, unajua jinsi ya kumwambia mama habari mbaya.

Mdadisi


Tarehe 21 Septemba

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe tatu nimeipata jana. Zimepishana njiani, yako na yangu. Nilipofika pale Bibi aliposema niulize, niliiweka chini nikatoka nje, nikarudi, nikaisoma tena.

Leo asubuhi nimeomba ruhusa kazini nikaenda. Amri ni amri hata ikichelewa.

Ngazi ya nje, kama alivyosema. Mlango ulifunguliwa na mwanamke mnene, mpole, mpishi wa shule, macho mekundu. Kabla sijajitambulisha akashika mdomo. Akasema, "Wewe ni wa kwake. Una paji lake." Akanivuta ndani, tukalia wote wawili tukiwa hatujaambiana majina.

Hawakupata mtoto. Waliishi hapo miaka mingi, chumba kimoja na jiko. Baba aliendelea na uashi, akikarabati kuta na ngazi za mtaa ule zote, mpaka vumbi la mawe likamkaa kifuani. Nimepanda ngazi zake kila Jumamosi. Mkewe anasema alimwambia tangu mwanzo kwamba nyumbani ana mama, ana dada na ana binti. Alimsihi arudi, au aandike. Mwaka wa kwanza alisema atakwenda akipata zawadi ya maana. Mwaka wa tano akasema ataonekana vipi mlangoni. Baadaye akawa anajibu tu, "Nimechelewa." Mkewe akaniambia, "Mwanangu, mume wangu alikuwa na msemo mmoja kwa kila mteja, usipoziba ufa utajenga ukuta. Alikuwa fundi wa kuta, na ufa wake mwenyewe ulimshinda."

Sikumchukia Baba, Shangazi. Nilijaribu nikashindwa. Nilikuwa na hasira tayari tangu utotoni, nimeitunza vizuri, na nilipofika pale nikakuta kitanda, koti ukutani, na viatu viwili vilivyochakaa upande mmoja.

Mkewe akanionyesha miwani ya Baba. Mkono mmoja ulikuwa umechomoka kwenye bawaba, ameufunga kwa uzi mweusi, mafundo juu ya mafundo. Ilimkaa upande mwaka mzima, mkewe anasema, na hakupata nafasi ya kuipeleka kwa fundi. Nilikuwa na bisibisi na skrubu kwenye mkoba. Nikauondoa uzi, nikaitengeneza pale pale. Ni kazi ndogo, ninaifanya kila siku. Sasa inakaa sawasawa na hakuna wa kuivaa.

Anasema Baba alipenda meza ya dirishani kwenye nguzo, kwa sababu anaona daraja lake. Ndiyo meza yangu.

Kikombe amenipa. "Nilikishusha mimi kwa sababu sikujua kuna mwingine wa kukishusha," akasema. Kiko hapa mezani ninapoandika. Nikilete nyumbani? Muulize Bibi. Yeye ndiye mwenye kujua.

Mdadisi


Tarehe 12 Oktoba

Mwanangu,

Salamu nyingi, na pole ambayo siwezi kuimaliza kwa wino. Na mimi ni mdogo wangu aliyeondoka. Nilimbeba mgongoni mpaka miguu yake ikawa inaburuzika chini. Nimemlilia chooni ili Bibi asisikie, kumbe anasikia kila kitu.

Nimemwambia. Nilikuwa nimepanga kumficha. Nikatayarisha uongo mzuri, wenye mikono na miguu. Nikaingia, akasema, "Mdadisi ameuliza?" Kwa sauti ile ile aliyokuwa akiniuliza zamani kama nimefunga kuku. Nikashindwa. Nikamsomea zote mbili, ya ngazini na ya miwani.

Hakulia. Akaniuliza, "Alikuwa anakaa kiti gani?" Nikamwambia cha dirishani. "Na mtoto?" Hicho hicho. Vidole vyake vikapapasa ncha ya shuka. Kisha akasema, "Basi walikuwa wanapokezana kiti." Akarudia hivyo mara kadhaa, taratibu, kama anayembembeleza mtu.

Baadaye akaniamuru nifungue kabati. Akasema vile vitano vitolewe na vitumike, vimekaa vya kutosha. Nikampa chai kwenye kimoja. Alikunywa nusu. Majirani waliokuja kutoa pole nao wakanywea, mmoja akakibwaga chake sakafuni kikabanduka rangi, na Bibi akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Pasaka.

Kuhusu cha sita, anasema kisije. "Kibaki huko. Mtoto anywee, asiwe anakitazama tu."

Na anasema umsalimie yule mkewe. Amemwita "mkwe wangu." Umwambie akipata likizo ya shule, mlango huku uko wazi, asingoje zawadi ya maana.

Hali yake ni ile ile. Andika kitu cha kumsomea, kifupi, kizuri.

Shangazi yako


Tarehe 9 Novemba

Karatasi ya Bibi

Bibi yangu, shikamoo.

Nimefanya ulivyosema. Nilikwenda na mkweo, tumeshikana mikono kwenye ngazi kwa sababu magoti yanamsumbua. Mwenye mkahawa alikataa kwanza. Akasema kikombe cha marehemu hakirudi msumarini. Nikamwambia si cha marehemu, ni changu, nimepewa na bibi yangu, na bibi yangu hapingwi. Akachukua taulo, akaufuta msumari, akaniachia nitundike mwenyewe.

Nimekunywa chai yangu humo. Ni kizito kuliko nilivyodhani, na kinashika joto. Mto umeshuka, maji ni safi, unaona mawe chini. Daraja limesimama imara, Bibi. Mwanao alifanya kazi nzuri.

Kikombe kipo.

Mjukuu wako


Karatasi ya Shangazi, usimsomee Bibi

Shangazi,

Baada ya kutundika, mkwe wa Bibi aliondoka kuwahi kazi, nikabaki. Sasa nauliza kila kitu, kama zamani. Nilimwambia mwenye mkahawa mimi ni binti wa nani. Akakaa. Sijawahi kumwona amekaa. Akaweka taulo magotini akasema, "Kwa nini hukusema?"

Nikamwambia, hukuniuliza. Akasema, "Yeye aliniuliza."

Ile Jumamosi ya mvua. Asubuhi za wiki ile mvua na kifua vilimzuia, basi alipopata nafuu akajikokota mchana ule, siku isiyo yake, akakuta kiti chake kimekaliwa. Akasimama mlangoni anachuruzika maji. Mwenye mkahawa alitaka kuniinua, yeye akamkataza. Akamwuliza, "Yule binti ni wa nani?" Yule mama akajibu kama anavyojibu kila mtu, "Sijui. Huja Jumamosi, hazungumzi na mtu, haulizi kitu." Akasema, "Mwache akae." Akachukua kikombe chake chini ya makoti, akakaa meza ya nyuma yangu. Alikunywa polepole mpaka mvua ilipokatika. Hakutazama mto hata kidogo, anasema, alikuwa akitazama mgongo wangu.

Nimemwuliza kama alinijua. Hajui. Hakuna anayejua, na wa kumwuliza hayupo.

Lakini koti nililolidondosha lilikuwa la kwake, Shangazi. Nililiona tena kwenye ukuta wa mkewe siku ile ya miwani, nikalipita bila kulitambua. "Acha tu, binti," ndiyo sauti yake. Nimekaa hapa mezani najaribu kuisikia tena na haiji, kelele za mvua zinaifunika. Baba yangu alisema nami mara moja tangu nilipokuwa na miaka minne, na mimi nikamwambia samahani bila kugeuka.

Mdadisi